Makopo ya SU

Neno la kwanza ambalo Justa alilisoma nje ya darasa lilikuwa nusu ya neno, nalo lilikuwa ubavuni mwa kopo la mwanawe.

Alikuwa ametoka misheni, kwenye darasa la akina mama lililoanza saa kumi alasiri, saa ambayo jembe limekwisha wekwa chini na moto wa ugali haujawashwa. Mwalimu Donatus alikuwa amewaandikia ubaoni sa, se, si, so, su, akawaimbisha mpaka makoo yakakauka, kisha akawaaga kwa kazi. "Kila mmoja akatafute nyumbani kwake herufi anazozijua. Msije kesho mkaniambia hamna. Hata mfuko wa chumvi unazo."

Justa alifika, akamshusha Sikujua mgongoni, akamchotea maji. Mtoto alipoinua kopo, jua lilipiga ubavuni mwake, na herufi mbili zilizovimba kwenye bati zikatupa kivuli. Moja imejikunja kama nyoka. Ya pili kama bakuli.

"Su," alisema Justa. Akatazama tena, asije akawa anajidanganya. "Su! Baba Sikujua! Njoo, nimesoma kopo!"

Mumewe, Maganga, alitoka kibandani na mkasi wa bati mkononi. "Limesemaje?"

"Limesema su."

"Su ndiyo nini?"

"Sijui. Lakini ndivyo linavyosema."

Wakacheka mpaka mtoto naye akacheka, bila kujua kinachochekwa. Tangu siku hiyo Justa kila alipompa maji alimwekea kidole kwenye zile herufi, "Su, mwanangu, sema su," na haikupita wiki Sikujua akawa anaita maji kwa jina hilo. Akiona mtungi, "Su!" Akiamka na kiu, "Su, mama, su!" Justa aliona fahari kuliko mtu aliyepewa ng'ombe. Yeye alikuwa ameanza kusoma akiwa na miaka ishirini na miwili, na mwanawe ameanza kabla ya kuota meno yote.

Jina la mtoto alilitoa bibi yake mzaa baba. Alirudi safari akamkuta mkaza mwanawe amejifungua, akashika kinywa: "Jamani, mimi sikujua!" Jina likakaa.

Maganga alikuwa fundi bati pekee Ushirombo nzima. Kazi alijifunza Tabora, na debe kuukuu likipita mikononi mwake lilitoka koroboi, au faneli, au kopo lenye mkono uliokunjwa vizuri usiokata kidole. Mwaka ule watoto wa shule walikuwa wamegawiwa vikombe vya kutawazwa kwa Malkia, vyenye maandishi pande zote, na watu wasio na mtoto shuleni walibaki kumeza mate. Kila mmoja alitaka chombo chenye herufi. Hawakujali zinasema nini, bora ziwepo.

Basi Eustace alikuwa amekuja kwa wakati wake, kabla ya kopo la Sikujua. Huyu alikuwa mchuuzi mwenye lori kuukuu, akizunguka kati ya Buseresere na Kahama, akinunua asali na kuuza chochote. Alimshushia Maganga madebe manane ya bati zito, yenye herufi zilizogongwa kwenye bati lenyewe. Yalikuwa ya Mzungu mmoja aliyefunga kimgodi chake cha dhahabu upande wa Geita na kwenda zake. Karatasi zilizokuwa zimebandikwa ubavuni zilikwisha banduliwa, na gundi yake ilikuwa bado inanata.

"Bati gani hili!" Maganga alilipiga kwa ukucha, likalia kama kengele. "Hili halishiki kutu hata ulizike."

"Kizuri chajiuza, fundi," alisema Eustace. "Wewe yaoshe tu."

Maganga aliyaosha nyuma ya kibanda kwa majivu na mchanga. Kesho yake asubuhi kuku saba walikutwa wamelala chali mahali maji yale yalipotuama. Majirani walisema ni mdondo, maana mdondo ndio unaoua kuku, na Justa akawafukia akiwasikitikia. Maganga akaanza kukata. Kusoma hakujua. Aliona kwenye kila debe mstari wa herufi nne nene, akapima, akaona ubavu wa kopo unatosha herufi mbili. Basi akakata katikati kwa uangalifu, urembo usipotee. Sehemu za debe zisizo na herufi nazo zikawa makopo ya kawaida. Hakutupa hata kipande.

Yale ya herufi yaliondoka kabla lehemu haijapoa. Nusu yake yaliandikwa kama la Sikujua. Nusu nyingine yaliandikwa vingine.

* * *

Wiki tatu baada ya Justa kusoma kopo, akina mama walikuwa wamefika ma, me, mi, mo, mu.

Alasiri ile ilikuwa ya joto, na mwalimu aliwaruhusu wanywe maji ya mtungi wa misheni, kila mtu na kopo lake. Generosa, jirani yake Justa, mwanamke mwenye mzaha usioisha hata msibani, aliinua kopo lake juu.

"Mwalimu, langu limeitika! Linasema mu!"

"Langu su," alisema Justa.

"Eeh, basi mume wako ametuuzia kopo moja kwa watu wawili. Lete tuone linakamilika vipi." Akalichukua la Justa mkononi mwa Sikujua, akayapanga yote mawili mezani, la kwake mbele. "Mu. Su. Musu! Mwalimu, musu ni mnyama gani?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Donatus naye alikuwa anacheka, amegeuka kufuta ubao. "Musu hakuna. Geuzeni."

Generosa akayageuza, akaliweka la Sikujua mbele. Darasa likasoma kama lilivyozoeshwa, kwa sauti moja ya kuimba, mara tatu.

"Su. Mu. Sumu!"

Mara ya kwanza lilikuwa wimbo tu. Kiswahili kwa wengi wao kilikuwa nguo ya kuazima; nyumbani walisema Kisumbwa, na neno liliwapita mdomoni kabla halijafika masikioni.

"Sumu!"

Mara ya pili wale waliowahi kuolewa mjini waliacha. Sauti zikapungua kama mvua inayokata.

"Sumu," walimalizia wawili au watatu, na mmoja wao alikuwa Justa. Alisikia sauti yake mwenyewe ikilitamka ndani ya chumba kilichonyamaza. Akatazama meza. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amelifikia tena kopo na kuuma ukingo wake kwa meno manne.

"Su," alisema Sikujua, akitaka maji.

Justa hakukumbuka baadaye aliinukaje. Alikumbuka kopo likigonga ukuta, mtoto akilia, na mkono wake mwenyewe ukiwa ndani ya kinywa cha mtoto, unafuta ulimi kwa kanga kama anayesugua sufuria.

Mwalimu Donatus aliliokota lile kopo. Alilishika kwa ncha za vidole. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu.

"Debe hili limetoka wapi?"

"Kwa Eustace," alisema Justa. "La mgodini."

"La mgodini." Alikaa kwenye benchi la wanafunzi. "Kaka yangu alifanya kazi mgodini. Kuna dawa wanayoyeyushia dhahabu. Aliniambia nzi akitua juu yake hainuki."

Generosa alikuwa ameshika tumbo. "Mwalimu, mimi nimenywea hili mwezi mzima. Nimempa na mama mkwe." Kisha, kwa kuwa ulimi wake haukujua njia nyingine, akaongeza, "Na hata yeye hajafa." Hakuna aliyecheka. Naye akaanza kulia.

* * *

Sista wa zahanati alimpima Sikujua macho, ulimi na mapigo. Akasema mtoto hana kitu, ashukuriwe Mungu na yale majivu. Dawa ya namna ile huondoka na maji, alieleza, lakini hujificha kwenye mikunjo ya bati na chini ya lehemu. Leo haipo, kesho lehemu inaachia, nayo inatoka. Kisha akauliza swali moja.

"Makopo hayo yapo mangapi?"

Justa alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka mbio.

Nyumbani alimkuta Maganga akipuliza mkaa. Alimweleza yote, na alipofika kwenye kuku saba, mumewe akaacha kupuliza. Maganga akaweka chuma chini.

"Mimi nilinunua debe," alisema. "Sikununua sumu. Nimeosha, nimesugua. Ningejuaje? Sikujua!"

Mtoto akasikia jina lake, akaitika. "Bee?"

Wote wawili wakamtazama. Maganga akawa wa kwanza kukwepesha macho.

"Tutayarudisha," alisema Justa.

"Yapi?"

"Yote."

"Mama Sikujua, kaa chini. Ukipita unatangaza sumu, kesho nani atanunua hata koroboi kwangu? Mtu mmoja amekufa? Nitajie mmoja." Alingoja. "Umeona? Kimya kingekuwa dawa. Tutayaomba yale yenye herufi, moja moja, tuseme yana kasoro ya mkono."

"Tuseme uongo?"

"Tuseme nusu."

"Nusu ndiyo iliyotufikisha hapa," alisema Justa.

Lakini hakuwa amezoea kubishana na mumewe, na moyoni naye alikuwa na hofu ileile. Kibanda kile ndicho kilichowalisha. Kwa hiyo walikubaliana nusu kwa nusu: wataomba yenye herufi peke yake, lakini kila mtu ataambiwa kweli.

Walitembea siku mbili, Justa na mtoto mgongoni, Maganga na gunia begani. Nyumba kwa nyumba, hodi kwa hodi. Hapakuwa na shida ya kuyatambua, makopo yalijitaja yenyewe. Watu wengine waliyatupa kwenye gunia kama waliofungua mlango wakamkuta nyoka. Wengine walimwangalia fundi toka unyayo hadi utosi.

"Nani?" aliuliza mzee mmoja kutoka ndani.

"Shikamoo, baba. Ni mimi, Mama Sikujua."

"Marahaba. Mama Sikujua, eeh? Afadhali hilo jina mmelitundika mlangoni kabisa. Hatutakuwa na haja ya kuuliza mtajitetea vipi."

Maganga alisikia, akashika gunia vizuri. Njiani watoto walimfuata wakiimba, "Fundi Sumu! Fundi Sumu!" Hakuwafukuza.

Siku ya pili jioni la mwisho lenye herufi liliingia guniani. Maganga akaketi kando ya njia, akajifuta jasho, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Tumemaliza."

Hapo ndipo walipopita kwa Bibi Paskazia.

Bibi Paskazia aliuza togwa sokoni kila siku ya gulio, mtungi mmoja, kopo moja, na kopo lile lilipita midomo ya soko zima: wachunga ng'ombe, wabeba asali, watoto waliotumwa chumvi. Alikuwa ameketi uani kwake anaosha mtungi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu. Nimesikia habari zenu. Mkanitetemesha! Nikakimbilia kopo langu, nikalipapasa pande zote." Akalinyanyua, akaligeuza kwa furaha. "Safi! La kwangu halina hata herufi moja. Mungu si Athumani. Na nililinunua siku ileile, Maganga, unakumbuka? Ulikuwa bado unakata yale madebe mapya, ukanikatia la kwangu pale pale pembeni ya debe, kwa sababu nilikuwa na haraka."

Justa alilitazama lile kopo mkononi mwa bibi.

Alikuwa ametembea siku mbili akitafuta herufi. Alikuwa amejifunza kusoma, na kwa sababu amejifunza kusoma aliogopa kilichoandikwa tu. Lakini debe ni moja. Debe halina sumu upande wa herufi tu. Kipande chenye neno kilikuwa kimejisema chenyewe. Na vile vipande vingine vyote vilivyonyamaza je? Vile ambavyo Maganga hakutupa hata kimoja?

"Bibi," alisema taratibu, "weka chini hilo kopo."

"Lakini halina..."

"Liweke chini, bibi. Tafadhali."

Bibi Paskazia alimwangalia Justa, kisha Maganga. Kopo likamtoka mkononi lenyewe, likabiringika mpaka miguuni pa fundi. Bibi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Gulio la jana," alinong'ona. "Jamani. Gulio la jana, mtungi mzima."

* * *

Maganga alitembea mbele njia nzima, gunia begani. Alipofika kibandani alimwaga makopo yaliyokuwa bado kwenye rafu, yale ya madebe ya samli na yale ya madebe ya Eustace, yote yasiyo na herufi, yote yenye mkono uliokunjwa vizuri usiokata kidole. Akachukua moja, akaligonga kwa ukucha. Akachukua jingine. Akanusa. Akainamisha sikio.

Justa alimtazama kutoka mlangoni. Alidhani anapima. Kisha akaona amerudi tena kwenye kopo la kwanza.

"Mimi ndiye niliyeyafua," alisema Maganga. "Ninaujua mkono wangu gizani. Na siyatambui, Mama Sikujua; yakishatiwa lehemu yote yanalia sauti moja. Siwezi kukuambia hili ni lipi na lile ni lipi."

"Basi ni yote," alisema Justa.

"Ni yote."

Maganga aliinuka. Alichukua nyundo na debe moja tupu la samli, na siku ya gulio lililofuata akasimama katikati ya soko, kati ya wauza asali na wauza kuku, akaligonga lile debe mpaka watu wakaacha kubishana bei.

"Mnanijua," alisema. Akaligonga tena debe. "Mnanijua. Kila kopo la Maganga lililotengenezwa tangu masika. Lenye herufi na lisilo na herufi. Nene na jembamba. Yote yarudi. Niliwaletea kitu cha kifo nikawaambia ni urembo. Nitampa kila mtu jingine la debe la samli, mbele ya macho yake, hata kama itanichukua mwaka. Kwa sasa rudini kwenye vibuyu. Vibuyu havikumdanganya mtu."

"Na kama hatukuamini hata la samli?" alipaza mmoja.

"Msiniamini. Njooni mnuse debe kabla sijaliosha."

Yalirudi kwa magunia, kwa vikapu, kwa kanga zilizofungwa fundo. Mengine yalirushwa yakamgonga miguuni. Mwanamke mmoja alileta la mtoto wake mchanga, amelifunga kwa majani ya mgomba kama kitu kilichokufa. Maganga aliyaponda yote kwa nyundo, moja moja, akayafukia kwenye shimo refu mbali na visima, na kila pigo Justa alilisikia kifuani. Zilikuwa kazi za mikono ya mumewe. Alikuwa akizipenda.

Mtu hakufa. Bibi mmoja alitapika siku nzima, ikasemekana ni hofu. Labda ndiyo, labda siyo. Hilo hakuna aliyeweza kulijua, na Justa aliona hilo ndilo baya kuliko yote: kwamba hata kheri waliyopata hawakuijua kwa hakika.

* * *

Eustace alirudi baada ya mwezi na nusu.

Lori lake liliingia sokoni likikohoa vumbi, naye akaruka chini amevaa kofia pembeni, mwenye bashasha zake zile zile. "Fundi! Mbona soko limepoa hivi? Nimekuletea mzigo!" Nyuma ya lori yalikuwapo madebe yamefunikwa turubai.

Watu walianza kusogea. Maganga aliinua mkono kuwatuliza. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Karibu, Eustace. Umechoka safari. Mama Sikujua, mpe mgeni togwa."

Justa alimwelewa. Alichukua kopo jipya, la debe la samli, lile ambalo Bibi Paskazia amelinusa yeye mwenyewe kabla ya kulikubali. Halikuwa na herufi. Akalijaza, akampa Eustace kwa mikono miwili, kama mgeni anavyostahili.

Eustace alilipokea akicheka, akiwa bado anaeleza ubovu wa barabara. Akalipeleka mdomoni. Kisha macho yake yakashuka kwenye bati, na maneno yakapungua.

Aliliondoa mdomoni. Akalizungusha nusu, akatazama. Akalizungusha nusu nyingine. Akapitisha kidole gumba ubavuni, polepole, kama mtu anayetafuta kovu. Mtu asiyejua habari hazungushi kopo. Soko zima lilikuwa linamtazama, na yeye pekee hakuona kwamba anatazamwa.

"Fundi," aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "hili umelikata kwenye debe lipi?"

Justa alimtazama Eustace machoni.

Alikuwa anajua. Siku ile alipobandua zile karatasi, gundi ikiwa bado mbichi, alikuwa anajua. Alijua kusoma. Alikuwa amesoma darasa la nne, na alikuwa akijisifu hivyo kila alikopita. Justa alijikuta akiyakumbuka maneno matatu aliyoyasikia bila kuyasikia: wewe yaoshe tu.

"Ulijua," alisema Maganga.

Eustace akaona nyuso sasa. Akaweka kopo chini kwa uangalifu. "Jamani, ngojeni. Mimi ni mletaji tu. Bati ni bati. Nilimwambia aoshe, nilimwambia! Anayefua ndiye anayejua anafua nini. Mimi sikumtilia mtu maji mdomoni."

"Mimi nami nilisema hivyo hivyo," alisema Maganga. "Siku mbili nzima. Niliona mgodi ndio wenye makosa, na muuza debe, na kila mtu mwingine. Bado yalikuwa makopo yangu." Alisogea hatua moja. "Tofauti ni moja. Mimi sikujua."

Safari hii mtoto, mgongoni kwa mama yake, hakuitika.

Justa aliokota lile kopo, akalinywa lote mbele ya Eustace mpaka tone la mwisho, akalipindua kichwa chini. Bibi Paskazia alilichukua mkononi mwake, akalichovya mtungini, akampa mtu aliyefuata kwenye foleni. Yule mtu akanywa. Na mwingine. Vijana wawili wakamshika Eustace viwiko, si kwa kumpiga, wakampeleka kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, akajieleze mbele ya baraza.

Turubai lilikuwa limeachwa nusu wazi. Justa alilisogelea lori. Alitaka kuona kwa macho yake kama ni yaleyale. Akalifunua.

Madebe yalikuwa mapya kuliko yale ya kwanza, yamepangwa safu kwa safu, na karatasi zake zilikuwa zimebanduliwa. Bati lilimetameta. Ubavuni mwa kila debe palikuwa na herufi nne zilizovimba, kubwa, zilizosimama bega kwa bega. Justa hakuwa amewahi kuliona neno hilo likiwa halijakatwa. Wiki zote hizo alikuwa akiliona nusu nusu, akiliimba, akilifundisha. Sasa lilikuwa zima, na hakuhitaji mwalimu, wala darasa, wala kopo la jirani. Lilimwingia machoni mara moja, kama mtu anavyotambua uso.

Akashika ukingo wa lori.

Mkono mdogo ulinyooka juu ya bega lake. Sikujua alikuwa ameziona zile mbili za kwanza, rafiki zake wa zamani, nyoka na bakuli. Akazielekezea kidole, akafurahi.

"Su!"

Justa alikamata kile kidole kabla hakijagusa bati. Akakifunika ndani ya kiganja chake, akakihamisha hewani, taratibu, mpaka mwisho wa neno.

"Na mu, mwanangu," alisema. "Usisahau tena. Na mu."